Kichwa cha TAZARA mezani: dalili na chanzo cha hitilafu kwenye modeli uliyoibadilisha mwenyewe

Kichwa changu cha kwanza cha treni ya TAZARA, modeli ya kuendesha mezani, kilimaliza mzunguko mmoja wa meza, kikaingia kona ya pili, kikaanguka ubavu. Nilikuwa nimekifanyia kazi miezi minne: nimekata bodi, nimeshusha paa, nimebadilisha fremu za bogi (seti za magurudumu zinazozunguka chini ya kichwa), nimepaka rangi. Wiki mbili zilizofuata nilizitumia kunyoosha reli, kwa kuwa niliamini kosa liko kwenye reli. Halikuwa huko. Ngazi ya kupandia dereva, niliyoibandika ili modeli ifanane na kichwa cha kweli, ilikuwa inagusa fremu ya bogi kila kikipinda.

Tangu siku ile, hitilafu ikitokea naanza na swali moja: mara ya mwisho niligusa nini? Modeli iliyotoka kiwandani ina magonjwa yake. Modeli iliyokatwa ili ifanane na kichwa kinachosimama stesheni ya Mbeya ina magonjwa mengine, na karibu yote huingia kupitia kazi ya kuibadilisha. Kwa hiyo nina daftari. Kila ninachokata, kubandika au kuhamisha nakiandika na tarehe yake, halafu chesisi inatembea bila bodi kabla sijaendelea na hatua nyingine. Ni kazi ya dakika kumi, na imeniokolea miezi.

Kinaonekana kimetanua miguu

Hili naliweka mbele kwa sababu ndilo linalowakatisha tamaa watu wengi, na tiba yake haipatikani baada ya kukata. Lazima uijue kabla.

Jirani yangu huku Mbeya ni mzee aliyeendesha treni miaka mingi kabla ya kustaafu. Nilimwita aje aone kazi yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akainama, akakitazama kichwa kwa mbele, usawa wa macho, akanyamaza kidogo. "Hiki kimevaa viatu vya baba yake."

Alikuwa sahihi kabisa. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067. Modeli nyingi zinazouzwa duniani ni za skeli ya 1:87, na reli yake ya mezani ina upana wa milimita 16.5. Zidisha 16.5 kwa 87 unapata 1,435, yaani upana wa reli ya Marekani, ya sehemu kubwa ya Ulaya, na ya SGR yetu. Ukiweka bodi ya TAZARA ya skeli ya 1:87 juu ya chesisi hiyo, magurudumu yanatoka nje kwa zaidi ya milimita 4 kuliko inavyotakiwa. Kwenye kitu chenye upana wa milimita thelathini na kidogo, jicho linaliona kosa hilo hata kama mtazamaji hajui hesabu.

Njia za kutoka ni tatu. Ya kwanza ni kubaki na 1:87 na kuhamia kwenye reli ya milimita 12, ambayo huko Ulaya hutumika kwa treni za reli ya mita moja. 1,067 gawanya kwa 87 ni 12.26, kwa hiyo tofauti haionekani. Ubaya wake ni kwamba chesisi za ekseli sita za upana huo ni adimu na ghali.

Ya pili ndiyo ninayoipenda: acha chesisi na reli ya milimita 16.5 kama zilivyo, ukuze bodi. Kwa skeli ya 1:64, reli ya milimita 16.5 inawakilisha milimita 1,056, pungufu ya TAZARA kwa milimita 11 tu za ukubwa halisi. Watu wa Australia na New Zealand, ambao nao wana reli za 1,067, wamekuwa wakitumia njia hii muda mrefu. Bodi utaitengeneza mwenyewe kwa karatasi za plastiki. Ila chesisi inabaki ya kawaida, vipuri vyake vinapatikana, na bodi kubwa ina nafasi ya uzito na ya nyaya.

Ya tatu ni ya mwenye chumba kidogo: chesisi ya milimita 9 na bodi ya 1:120. Hesabu yake inakubali (9 mara 120 ni 1,080), lakini mkono usiotulia utateseka.

Mzee akaniuliza pia kwa nini kichwa changu cha Kichina kina magurudumu sita kila upande. Hilo ni kosa la aina nyingine. Vichwa vya kwanza vya TAZARA vilitoka China, vya aina ya DFH, herufi za Dong Fang Hong, maana yake Mashariki ni Mwekundu. Ni vya dizeli na haidroliki: nguvu ya injini inafika kwenye magurudumu kwa mafuta na mashafti, bila mota za umeme. Vina bogi mbili zenye ekseli mbili kila moja. U30C vilivyokuja mwanzoni mwa miaka ya 1980, ubunifu wa General Electric uliojengwa na Krupp wa Ujerumani, vina ekseli tatu kwa kila bogi, na mota za umeme. Jina lenyewe linakwambia: 30 ni nguvu farasi 3,000, C ni ekseli tatu. Usinunue chesisi kabla hujajua unatengeneza kipi.

Na jihadhari na jina. Modeli ya U30C ya Kimarekani itakuja na maandishi hayohayo kwenye boksi, lakini ile ni mashine ya reli ya milimita 1,435. Bogi zake si za kwetu. Pima kutoka kwenye picha zako mwenyewe: ubavu mzima, mbele, nyuma, na kitu chenye urefu unaoujua kikiwa ndani ya picha. Stesheni na karakana ni maeneo yanayolindwa, kwa hiyo mwone kwanza stesheni masta, umweleze unachofanya. Mimi nilifika na modeli mkononi, na ile modeli ilieleza zaidi kuliko maneno yangu.

Kinaacha reli kwenye kona, kwenye mstari ulionyooka hakina neno

Kama kilikuwa kinapita kona hiyohiyo kabla hujakibadilisha, iache reli. Kigeuze chali kwenye sponji na uzungushe bogi kwa kidole hadi mwisho, kushoto na kulia. Izunguke bila kusita. Ikisita, tafuta alama: rangi iliyokwanguliwa ndani ya ngazi, kwenye tangi la mafuta, au kwenye bomba ulilobandika chini ya fremu. Alama hiyo ndiyo chanzo. Usipoiona, paka chaki ya unga kwenye bogi, uzungushe tena, kisha tazama chaki imehamia wapi.

Vichwa vya ekseli sita vina shida ya ziada. Kona yenye nusu kipenyo cha milimita 457, inayokuja kwenye seti nyingi za kuanzia, inawabana. Kwenye 559 wanapumua. Ukiweka vitu vyote vidogo vilivyo kwenye kichwa cha kweli, tarajia kuhitaji kona kubwa zaidi, au ukubali kukata milimita moja ya ndani ya ngazi mahali pasipoonekana. Mimi nakata. Ngazi inayoonekana nzima kutoka ubavuni inatosha.

Kikiacha reli hata mahali palipopinda kidogo tu, pima umbali kati ya migongo ya magurudumu kwa kalipa. Kwa reli ya milimita 16.5 uwe karibu na milimita 14.5. Ukitoa magurudumu ili kupaka rangi fremu na kuyarudisha kwa kusukuma, umbali huo hubadilika kirahisi, na gurudumu moja lililosogea nusu milimita linatosha kupanda juu ya ulimi wa swichi, yaani pale njia ya reli inapogawanyika.

Sababu ya tatu ni bodi kukaa upande. Bandika bodi mpya bila kuipima na kona moja itakuwa chini kuliko nyingine. Uzito unaegemea huko, gurudumu la kona ya pili linabaki linaelea. Weka kichwa juu ya kioo cha dirisha. Ukiona mwanga chini ya gurudumu, umepata.

Kinazima kwenye swichi, au kinakwenda kwa kushtukashtuka

Watu husafisha reli. Sawa, safisha, hasa kuanzia Agosti vumbi la Mbeya linapokuwa halijali dirisha lililofungwa. Kitambaa na spiriti vinatosha. Msasa usiupeleke kwenye gurudumu, maana mikwaruzo inashika uchafu zaidi kuliko mwanzo.

Lakini kama shida ilianza baada ya kupaka rangi, mtuhumiwa ni rangi. Umeme unapanda kutoka reli hadi gurudumu, kutoka gurudumu hadi kipande cha shaba kinachogusa ekseli au mgongo wa gurudumu, na kwenye modeli nyingi unapita pia mahali bogi inapozungukia. Ukungu wa rangi ya kupuliza usioonekana kwa macho unakata njia hiyo. Weka testa kwenye alama ya kupiga mlio, mguu mmoja kwenye gurudumu, mwingine kwenye waya unaoingia kwenye mota, na upime gurudumu moja baada ya jingine. Palipo kimya ndipo penye rangi. Kwangua kwa kijiti cha mbao kilicholowa spiriti.

Kama magurudumu yote yanalia na bado kinazima kwenye swichi, hesabu ni magurudumu mangapi yanachukua umeme. Chesisi za bei nafuu huchukua kwa bogi moja upande mmoja na bogi ya pili upande mwingine. Ukiongeza vipande vya shaba kwenye magurudumu yote, na waya laini kuelekea bogi, kichwa kinatulia. Waya uwe laini kweli: mgumu unaisukuma bogi, nawe unarudi kwenye dalili ya kuacha reli ukidhani ni ugonjwa mpya.

Asubuhi kinasuasua, mchana hakina shida

Sijaona mwongozo wa wenzetu wa nchi za joto ukilizungumzia hili. Sisi tunaliishi. Njia ya TAZARA inafika kilele chake hapa Uyole, karibu mita 1,800 juu ya bahari, na Juni na Julai chumba kisicho na joto huamka kikiwa baridi sana. Grisi iliyowekwa kiwandani inakuwa nzito, gia zinakokota, mota inavuta umeme mwingi kuliko kawaida na inapata moto huku kichwa kikitambaa.

Kipimo ni rahisi. Endesha chesisi bila bodi dakika tano na usikilize. Kama mlio unapanda polepole na mwendo unaongezeka bila wewe kugusa kidhibiti, grisi ndiyo chanzo. Fungua sanduku la gia, toa grisi yote ya zamani kwa brashi na spiriti, acha ikauke, weka tone dogo la mafuta mepesi yaliyoandikwa kuwa hayadhuru plastiki. Grisi ya gari isiingie humo. Ni nzito kupita kiasi, na baadhi yake inaharibu plastiki ya gia.

Kama mwendo hauongezeki hata baada ya kupashwa, chanzo ni kingine: ukirudisha mota, parafujo lake (gia yenye umbo la skrubu kwenye shafti ya mota) halikukaa sawa na gia yake. Legeza skrubu za mota nusu mzunguko, endesha, kaza tena kidogokidogo huku ukisikiliza.

Kinagonga tik, tik, tik

Hesabu milio. Ikiwa mlio ni mmoja kwa kila mzunguko wa gurudumu, gia ya plastiki iliyo kwenye ekseli imepasuka. Plastiki husinyaa miaka ikipita, ekseli ya chuma haisinyai, ufa unatokea kati ya meno mawili na meno hayo yanaachana. Ufa ni mwembamba kama unywele, utafute kwa lenzi. Usiugundishe kwa supagluu: utashika siku mbili, na gundi itakuwa imebadilisha nafasi ya meno. Gia inabadilishwa.

Mlio ukiwa wa haraka kuliko mzunguko wa gurudumu, tazama upande wa mota: shafti, parafujo, au waya ulioachwa ukigusa gurudumu la uzito linalozunguka.

Kikiwa peke yake kinapanda, kikifungwa mabehewa magurudumu yanateleza

Wapenzi wa TAZARA wanaijua dalili hii kwa ukubwa wake halisi. Kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kigumu kuliko vyote, njia inapopanda kutoka bonde la Kilombero kuja nyanda za juu kwa madaraja na mahandaki, na vichwa vya kwanza vya DFH vilionekana havina nguvu ya kutosha kukipanda na mizigo. Ndiyo maana U30C vikaja.

Kwenye meza sababu kwa kawaida ni uzito ulioutoa. Bodi ya TAZARA ina umbo lake, chuma cha uzito cha kiwandani hakiingii, unakikata au unakiweka kando. Kipime ulichotoa kwa mizani ya jikoni na ukirudishe chote kwa umbo jingine. Risasi za kuvulia samaki zinaingia vizuri kwenye pua na ndani ya tangi la mafuta. Osha mikono baada ya kuzishika, na usizichonge watoto wakiwepo. Ugawe uzito pande zote mbili za katikati. Ukilundika nyuma, bogi ya mbele itakuwa nyepesi na itaacha reli kwenye mpando.

Halafu pima mpando wenyewe. Sentimita mbili kwa kila mita moja ni mpando wa heshima. Ukifika nne, hata kichwa kizito kitakuwa na mabehewa machache tu.

Dikoda imeungua ulipoiwasha mara ya kwanza

Nawasikitikia wanaofika hapa, kwa sababu dikoda, kifaa kidogo kinachopokea amri za mfumo wa kidijitali ndani ya kichwa, inaagizwa nje na kuisubiri si jambo dogo. Kwenye chesisi nyingi za zamani, mguu mmoja wa mota unagusa chuma cha fremu, na fremu ndiyo inayobeba umeme wa reli. Kwa mfumo wa kawaida wa volti 12 hilo halina shida. Kwa mfumo wa kidijitali, umeme wa reli unaingia moja kwa moja kwenye tokeo la dikoda, na dikoda inakufa.

Kabla ya kufunga dikoda nyingine, weka testa kati ya kila mguu wa mota na kila upande wa reli. Isilie popote. Ikilia, toa mota, weka utepe wa plastiki chini yake, hakikisha skrubu inayoishika haifikishi umeme, pima tena. Kama mikono yako haijazoea pasi ya risasi, mpelekee fundi redio. Pale Mwanjelwa wapo wanaounganisha waya mwembamba kuliko huu kila siku. Mwambie tu mapema kwamba plastiki iko karibu.

Kwa wanaobaki na umeme wa kawaida, adapta ya king'amuzi ya volti 12 inafaa kulisha kidhibiti. Ya kompyuta ina volti 19, na taa zako zitakuwa za kwanza kuondoka. Taa ndogo ya LED isiwekwe bila rezista; ya kiloomu 1 inatosha kwa volti 12.

Rangi imekunjamana, au imekuwa kama ganda la chungwa

Kukunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemshwa ni thina kali ya rangi ya magari inayokula plastiki. Jaribu kila kopo jipya upande wa ndani wa bodi kabla ya nje. Praima ya plastiki kwanza, tabaka jembamba, subiri siku nzima.

Ganda la chungwa ni baridi. Kopo likiwa baridi rangi inatoka kwa matone makubwa. Liweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, kwenye maji ya moto usiliweke kamwe wala usilisogeze jikoni, halafu pulizia kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana, pasipo upepo, ukiwa umevaa barakoa.

Kuhusu rangi yenyewe, usiinakili kutoka kwenye skrini ya simu. Nenda na vipande vya kadi ulivyovipaka, vishike mkononi treni ikiwa imesimama, uandike saa ya siku. Kisha tazama palipochakaa: moshi mweusi juu ya paa karibu na ekzosi, vumbi kwenye bogi, alama za mafuta chini ya vifuniko, chuma kinachong'aa kwenye ngazi ambapo viatu hupita kila siku. Mzee wangu hakusifu paa wala namba nilizobandika. Alisifu ngazi iliyochakaa.

Namba nazo, kama ni stika za maji na zimezungukwa na kivuli cheupe, hewa imebaki chini yake kwa sababu rangi ya chini ilikuwa isiyong'aa na yenye chembechembe. Pulizia vernishi inayong'aa kwanza, bandika, ikauke, ndipo umalizie na isiyong'aa. Zile zilizokwisha kuharibika zitoboe kwa ncha ya sindano, weka tone la maji yenye siki kidogo, zikandamize kwa pamba. Mara nyingi kivuli kinaondoka kwa raundi mbili.